Siku Staringi Aliponyolewa

Kwenye vibanda vya video vya Voi, tulikolelewa wengi wetu, sheria ilikuwa moja: staringi hafi. Anaweza kupigwa, kutekwa, kufungwa kwenye kiti na kumwagiwa petroli, lakini mwisho wa kanda atasimama na adui atalala. Ukitoa shilingi kumi mlangoni, ulikuwa unanunua ahadi hiyo. Nakumbuka Jumamosi moja mwenye kibanda alituwekea filamu ambayo staringi alikufa kweli, na wanaume wazima, makondakta na wakata mkonge, wakasimama kudai pesa zao. Ilibidi awawekee nyingine bure.

Vurugu ile ilinijia tena Desemba iliyopita, nikiwa ndani ya saluni ya shangazi yangu, hatua chache kutoka stejini. Nilikuwa nimechomeka flashi kwenye televisheni ya ukutani, na badala ya zile nyimbo za kila siku nikawawekea wateja mieleka ya wanawake wa Japani, ya miaka ya 80 na 90. Sikuwa na mpango wowote mkubwa. Nilishaahidi kuandika kuhusu mapambano haya, nyumbani stima ilikuwa imepotea, na saluni ina sola. Sikujua kwamba nayapeleka mbele ya majaji wakali kuliko wote niliowahi kuwasoma mtandaoni.

Mimi niliingilia mlango ambao huenda na wewe uliingilia: ule mfululizo wa Netflix wa Septemba 2024, The Queen of Villains, unaosimulia maisha ya Dump Matsumoto, adui mkubwa wa mieleka ya wanawake kule. Mfululizo wenyewe uko poa. Lakini ukimaliza sehemu ya tano, usilale. Tafuta mapambano yenyewe, hata kama picha ina mchanga na maelezo yote ni ya Kijapani. Hutahitaji kuelewa neno.

Historia kidogo, kisha tuingie ulingoni. Kampuni iliitwa All Japan Women, ilianzishwa 1968 na ndugu wa familia ya Matsunaga, wanaume, na ilifungwa 2005. Wasichana wengi waliingia wakiwa na miaka 15 au 16. Walilala bweni, wakafua nguo za waliowatangulia, wakafagia, na wakawekewa marufuku tatu: pombe, sigara na wanaume. Ukikaribia miaka 26 ulionyeshwa mlango. Niliyasema hayo kwa sauti pale saluni, mbele ya wasichana wa bweni waliokuwa likizoni, na kila mmoja akataja shule yake.

Sasa, watazamaji. Ukifikiria mieleka unafikiria wanaume wenye bia. Katikati ya miaka ya 80 kumbi za All Japan Women zilijaa wasichana wa shule. Walikuja na riboni na mabango, walilia, walijua kila wimbo, maana mastaa wao walikuwa pia wanarekodi nyimbo na kuimba ulingoni. Mastaa wakubwa kuliko wote walikuwa wawili, Chigusa Nagayo na Lioness Asuka, pamoja wakiitwa Crush Gals. Na adui wao alikuwa Dump Matsumoto: mnene, uso umepakwa rangi, minyororo shingoni, fimbo ya mianzi mkononi. Kundi lake lilikuwa hata na refa wake, Shiro Abe, mtu ambaye upendeleo wake haukujificha kabisa. (Mashabiki wa ligi za mashinani hapa kwetu mtampenda. Mnamjua tayari.) Jambo ambalo mfululizo umelishika vizuri ni kwamba wote watatu, Chigusa, Asuka na Dump, walianza mwaka mmoja, 1980. Walikula sufuria moja.

Tarehe 28 Agosti 1985, ukumbi wa Osaka-jo, mjini Osaka. Chigusa dhidi ya Dump. Atakayeshindwa ananyolewa papo hapo.

Mwanzo wa pambano haueleweki kama unatafuta ufundi. Dump hafanyi mieleka, anafanya ujambazi. Anakaba kwa mnyororo. Anachoma paji la uso la Chigusa kwa kitu chenye ncha, na damu inaanza kushuka, kwanza kama jasho, kisha inafunika jicho. Chigusa, aliyekuwa na miaka 20 tu na mwenye mateke ya karate, anajibu, na kila anapojibu ukumbi mzima unapanda kwa sauti nyembamba, sauti ya maelfu ya wasichana, ambayo spika ndogo za shangazi hazikuweza kuibeba. Zilikuwa zinakwaruza tu. Kisha wale wa kundi la Dump wanaingilia, na tunarudi kwenye mnyororo.

Ukikaa na pambano hili utagundua kitu: Chigusa anajua kupigwa. Nasema hivi kama sifa. Kuna wanamieleka wanaoanguka vizuri na kuna wanaopigwa vizuri, na hizo ni kazi mbili tofauti. Chigusa haigizi maumivu kwa kupiga kelele. Anachelewa. Anapotaka kuinuka, mkono unatangulia, goti linafuata, halafu kuna kanusu sekunde ambako unaona amesahau hatua inayofuata. Mteja aliyekuwa chini ya draya alitoa kichwa nje na kusema, "Amka, mama, amka." Ilikuwa miaka arobaini baadaye, Voi, na huyu mama alikuja kutengeneza nywele za harusi.

Hakuamka.

Na hapo ndipo pambano lenyewe linapoanza, kwa maoni yangu. Chigusa anakalishwa kwenye kiti katikati ya ulingo, damu imekauka usoni, na wanaanza kumkata nywele. Kamera inakwenda kwenye viti. Wasichana wanalia jinsi watu wanavyolia matangani, mdomo wazi, bila kujificha. Wengine wananyoosha mikono kana kwamba wataifikia mikasi. Saluni ilinyamaza. Shangazi, ambaye amekata nywele tangu kabla sijazaliwa, ndiye aliyevunja ukimya: "Huyo anakata kama anafyeka mkonge. Angeanza pembeni."

Nitajibu swali lako kabla hujaliuliza. Ndiyo, matokeo yamepangwa. Kila mtu kwenye ukumbi ule aliyefikisha umri wa kujua alijua. Lakini nywele ni nywele. Unaweza kupanga nani ashinde. Huwezi kupanga kichwa kiote kesho asubuhi. Ndio maana pambano la nywele lina nguvu kuliko la mkanda. Mkanda unarudishwa wiki ijayo. Chigusa aliondoka usiku ule na kichwa cheupe, akaenda kazini na kichwa cheupe, na wale wasichana waliendelea kumwona hivyo kwa miezi.

Kwenye kiti cha pili kulikuwa na msichana wa kama miaka 15, rasta zake zina siku tatu, na Januari alikuwa anarudi shule. Yaani rasta zile zilikuwa na tarehe ya kufa. Akauliza, "Kwani mbona hakimbii?" Mwenzake akamjibu bila kuondoa macho kwenye skrini: "Aliweka dau. Ni zake, aliziweka mwenyewe."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu pambano hili na sijaona mtu amelisema vizuri hivyo.

Mimi nilinyolewa getini. Siku ya kwanza ya Kidato cha Kwanza, shule ya bweni ambayo sitaitaja, tulipanga foleni na masanduku yetu ya chuma. Mkasi mmoja, matroni mmoja. Mama alikuwa bado yupo, ameshika risiti ya karo, akiangalia upande wa milima. Nilikuwa nimesukwa vizuri na shangazi huyuhuyu. Hakuna aliyenipiga mweleka kwanza. Hakuna aliyeniambia nikishinda naenda nazo. Hakukuwa na mtu hata mmoja kwenye viti anayelia kwa ajili yangu, kwa sababu wote waliokuwepo walikuwa kwenye foleni.

Kwa hiyo ninapowaona wale wasichana wa Osaka wakilia, siwachukulii kama mashabiki wa staa tu. Shule za Japani nazo zina sheria za nywele, urefu hadi rangi. Mwaka 2017 msichana mmoja wa mkoa huohuo wa Osaka aliishtaki serikali ya mkoa kwa sababu shule yake ilimlazimisha kupaka nywele rangi nyeusi, ilhali alisema alizaliwa na za kahawia. Na huku kwetu, 2019, Mahakama Kuu ililazimika kuketi na kuamua kama shule ya Nairobi inaweza kumfukuza msichana wa Kirasta kwa ajili ya rasta zake. Msichana alishinda. Mahakama za nchi mbili, vichwa vya wasichana wawili. Unaweza kuniambia ninatia siasa kwenye burudani, sawa, lakini sikuziweka mimi. Kampuni ilijua ni nani wamekaa kwenye vile viti na ilijua ni kitu gani kitawauma.

Na hapo ndipo ninapokwama na pambano hili ninalolipenda. Dau aliliweka Chigusa, au waliliweka ndugu Matsunaga? Mwenye kampuni ndiye aliyeuza tiketi. Mwenye kampuni ndiye aliyeamua nani aanguke. Msichana wa miaka 20 ambaye ameishi bweni la kampuni tangu utotoni ana nafasi gani ya kusema hapana? Ninaweza kusema tu kile kinachoonekana. Anakaa kwenye kiti kama mtu ambaye kiti ni chake. Na baadaye sana, ule mfululizo ulipotengenezwa, Chigusa mwenyewe ndiye aliyewafundisha waigizaji mieleka. Erika Karata, aliyecheza nafasi yake, alinyolewa kweli mbele ya kamera. Yaani mwenye kichwa alirudi kusimamia kunyolewa kwake mwenyewe. Kama hilo linatosha kujibu swali, sijui. Lakini halikunipa amani niliyoitarajia.

Shangazi hakupenda pambano la Chigusa. Alilipenda lingine: Manami Toyota dhidi ya Toshiyo Yamada, 15 Agosti 1992, ukumbi wa Korakuen, Tokyo. (Ndiyo, Toyota. Nilipotaja jina, mteja mmoja akauliza kama ni Probox ya Wundanyi. Tuendelee.) Hawa wawili walikuwa marafiki, waliingia pamoja, na wote ni staringi. Hakuna adui. Wakapigana kwa dau la nywele, haraka mno, mateke ya Yamada yakitua kifuani mpaka unasikia ubao. Toyota akashinda. Halafu mshindi akakataa tuzo. Analia, anazuia mikasi, anataka kumlinda mwenzake aliyemshinda sasa hivi, na Yamada, mshindwa, ndiye anayemtuliza na kukaa kwenye kiti ili ahadi itimizwe. Shangazi alisimamisha mashine hewani. "Huyo ameelewa kazi," akasema, na hakufafanua kama anamaanisha aliyekaa au aliyelia.

Toyota huyohuyo ndiye anayewagawa mashabiki. Mei 1995 mjini Sapporo alipigana na Kyoko Inoue dakika 60 kamili, wakatoka sare, na mwandishi Mmarekani Dave Meltzer, ambaye nyota zake zinachukuliwa kama Biblia kwenye mambo haya, akalipa nyota tano. Nimelitazama mara mbili. Mara ya kwanza lilimaliza bando langu la siku. Pumzi yao ni ya kutisha, na kuna mambo Toyota anafanya angani ambayo wanaume wa wakati ule hawakuyajaribu. Lakini kufika dakika ya 40 nilikuwa nashangaa bila kuogopa. Mtu anabwagwa kwa shingo, anainuka, anakimbia. Anabwagwa tena, anainuka, anakimbia. Kama hakuna kinachouma, kwa nini nishike kiti? Mashabiki wa Toyota, nitumieni matusi yenu, nina nafasi.

Linalofuata ndilo ningekuambia uanze nalo kama una jioni moja tu. Bull Nakano dhidi ya Aja Kong, 14 Novemba 1990, Yokohama, ndani ya kizimba cha chuma. Anayetoka kwanza ameshinda.

Aja anahitaji maneno mawili. Alizaliwa 1970 Tachikawa, Tokyo. Mama Mjapani, baba mwanajeshi Mweusi wa Marekani. Kampuni ilimpa jina lenye "Kong" ndani yake, na kundi lake na Bison Kimura likaitwa Jungle Jack. Ukiwa Mwafrika ukasoma hayo, unakunja uso, na mimi nilikunja. Bado nimekunja. Kisha anaingia na silaha yake, na saluni nzima ikapiga kelele: "Hilo si debe la mafuta!" Ni debe kabisa, la bati, na anampiga mtu nalo kichwani kwa ukarimu wote. Wateja wakawa upande wake papo hapo. Kuna kitu Aja anafanya ambacho waliomtungia jina hawakukipanga. Hatumii ukubwa wake kama kichekesho. Hageuki kamera kutafuta cheko, hajifanyi mnyama. Anatembea kama mtu anayejua bei ya kila kitu humo ndani, na baada ya dakika kumi lile jina limekuwa lake.

Na Bull? Rudi kwenye 1985. Katika kundi la Dump kuna kabinti ka miaka 17, kichwa kimenyolewa nusu, kanatumwa kushika hiki na kile. Ndiye huyu. Yule aliyenyolewa nusu kichwa ili afanane na adui, miaka mitano baadaye ndiye bingwa, nywele zimesimama wima kama mnara wa simu. Mwishoni Aja amelala chini, Bull anapanda chuma mpaka juu kabisa ya kizimba. Mlango wa ushindi uko upande wa pili. Angeweza kushuka nje na kwenda nyumbani. Anageuka ndani. Anakutanisha viganja kama anayesali, halafu anajiachia, mguu mbele, urefu wa kizimba chote, juu ya mwenzake. Ndipo anapotoka na kushinda. Nimeona watu wengi wakiruka kutoka juu ya vitu. Huyu ndiye pekee aliyenifanya nihisi kwamba anaomba radhi kabla.

Nilikuwa nimeacha la mwisho kwa makusudi. 7 Novemba 1986, Osaka-jo tena, Chigusa na Dump tena, nywele tena. Safari hii staringi anashinda. Kwa sheria za kibanda cha video hii ndiyo filamu tuliyolipia: adui amelala, adui kwenye kiti, adui ananyolewa. Wasichana wa saluni walishangilia. Mimi nilidhani nitashangilia. Lakini Dump akiwa kwenye kile kiti anaonekana mdogo ghafla, na kinachobaki ni mtu mwingine aliyeshindwa na mkasi mwingine. Kwa pambano, hili lina mpangilio mzuri zaidi kuliko la 1985, nakubali. Halina uwazi ule. La 1985 linaacha deni. Hili linalipa, na ukishalipwa unaondoka. Ukitaka kujua deni lilikwisha vipi, tafuta siku Dump alipostaafu, Februari 1988. Siku ile alisimama kona moja na Chigusa, wawili wa mwaka 1980, wakapigana upande mmoja.

Yule msichana wa rasta aliomba nirudishe la kwanza. Nikarudisha, na safari hii hakuna aliyeongea mpaka kwenye mkasi. Shangazi alikuwa akimalizia mtoto wa jirani, jordan safi, akamkung'uta shingo kwa taulo.

"Na zile nywele," akauliza, "nani alizifagia?"

Nikamwambia kufagia kule ilikuwa kazi ya wasichana wapya. Akaitikia kwa kichwa, akanionyesha ufagio kwa kidole, na kumwita mteja anayefuata.